Kalamu Nyekundu ya Gaudiosa

Basi la Iringa lilikuwa limeshaanza kuondoka stendi ya Mikumi, na gauni la Gaudiosa lilikuwa linaondoka nalo.

Lilikuwa gauni jipya la kitenge cha njano, lenye mkia mrefu ambao fundi alimwonya haufai kwa mtu anayeshinda vumbini. Gaudiosa alikuwa mkata tiketi. Alipanda kumwonyesha abiria kiti chake, akashuka, konda akabamiza mlango, mkia ukabaki ndani. Akaanza kutembea sambamba na basi. Punde akawa anakimbia sambamba na basi. Wauza mahindi ya kuchemsha waliacha biashara wakatazama, maana kitu kama kile hakitokei kila siku na hakina kiingilio.

"Konda! Umebana dada wa watu!" Kijana mmoja mrefu, mweusi wa kung'aa, alikuwa anagonga ubavu wa basi kwa bunda la vitabu. "Simamisha! Unataka afike Iringa hana nguo?"

Basi likasimama. Gauni likatoka, na sehemu yake nyingine ikabaki.

"Asante, kaka," Gaudiosa alisema akihema, mkono mmoja umeshikilia kilichosalia cha heshima yake.

"Asante hailiwi. Chukua kitabu."

"Sina muda wa kusoma. Macho yangu yote tiketi."

"Chukua, nakupa bure. Ukimaliza unisimulie."

Hivyo ndivyo alivyomfahamu Nyanda, mtoto wa wafugaji waliohamia Masanze kutoka Usukumani. Aliuza vijitabu vya hadithi kwenye madirisha ya mabasi, vya kurasa sitini, themanini. Kila kimoja alikibana pini tatu pembeni, kwa sababu abiria wa Mikumi ana tabia ya kusoma nusu ya kitabu basi likiwa limesimama, halafu anakirudisha akisema hakimpendezi. Juu ya jalada aligonga muhuri wenye namba yake ya simu.

Jumatatu iliyofuata alimfuata dirishani pa tiketi. "Enhe, kile kitabu kikoje?"

Gaudiosa alikuwa amekisahau kabisa. Alichokumbuka ni picha ya jalada, mwanamke analia kisimani.

"Wee! Nimelia mimi," alisema. "Yule dada mumewe kamtorosha mdogo wake wa kuzaliwa naye."

"Enhe? Halafu?"

"Halafu akaenda kisimani."

"Halafu?"

Hakuna mwanamume aliyewahi kumwuliza Gaudiosa "halafu" mara tisa katika kikao kimoja. Wengine huuliza mara moja, tena huku wanatazama pembeni. Akatunga mpaka akafika mwisho, na alipofika Nyanda alikuwa analengwalengwa na machozi. Mwanamke gani angekataa kupendwa na mtu wa namna hiyo?

Ikawa ndiyo mila yao. Ijumaa, Gaudiosa akienda kwao Kilosa kwa mapumziko, anapewa kitabu. Jumatatu anarudi na hadithi. Kitabu chenyewe hakifunguliwi. Mama yake, Bi Marciana, alivipanga sebuleni kwa adabu, akavifunika kitambaa cha kufuma, juu yake akaweka televisheni. Kila mwezi televisheni ilipanda kidogo.

Nyanda hakuwahi kumtumia meseji hata moja. Ukimwandikia, anakupigia.

"Umeamkaje, mama watoto?"

"Watoto gani tena?"

"Wako njiani, mpenzi. Wamekwama Ulaya hii ya Kilosa, barabara mbaya."

Gaudiosa alijisifu kwa mashoga zake: wanaume wengine wanabana matumizi kwa vimeseji, wangu ananipa sauti.

Mwaka ulipotimia, vitabu vikawa hamsini na viwili, na Nyanda akapeleka posa. Kwa desturi muoaji habebi barua yake mwenyewe, lakini ndugu zake walikuwa mbali na mifugo, hivyo akamsindikiza mshenga wake, Mzee Emanueli, hadi Kilosa. Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Nyanda alivaa koti jeusi la kuazima lililoishia juu ya viganja, na viatu vilivyochongoka mpaka vikatangulia kuingia ndani. Bi Marciana alichinja jogoo. Majirani walikuja kuazima chumvi, nyumba nne kwa wakati mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaeni, kaeni."

Mzee Emanueli akatoa barua ndani ya leso nyeupe, akaanza maneno yake. Nyanda alikuwa anatazama televisheni, ila haikuwa imewashwa. Akainuka taratibu, akafunua kitambaa, akachomoa kitabu cha juu. Pini tatu. Akachomoa cha pili. Pini tatu. Akachuchumaa, akapitisha kidole ubavuni mwa rundo lote kama mtu anayehesabu mbavu za ng'ombe aliyekonda.

"Gaudi," alisema, "vyote?"

Gaudiosa, kwenye gauni lake la waridi la mikono ya puto, alicheka kwa aibu. "Nyanda jamani, si vitabu tu?"

"Mzee, chukua barua yetu. Mimi siwezi kuoa mwongo."

Akatoka. Jogoo alikuwa bado jikoni. Mzee Emanueli alibaki ameshika leso, hajui aondoke au asubiri wali. Majirani hawakukumbuka tena chumvi. Habari ile ilifika Masanze kabla sufuria hazijapoa.

"Kwa pini!" Bi Marciana alisema, mikono kichwani. "Mwanangu ameachwa kwa pini!"

Gaudiosa hakulia. Wanaolia kwanza hupoa, naye hakutaka kupoa. Kesho yake aliomba likizo ya mwezi mzima, akanunua kalamu nyekundu, akakaa barazani Kilosa na kisu cha jikoni.

"Unafanya nini?" mama yake aliuliza.

"Nang'oa pini. Alitaka nisome. Nitasoma mpaka ajute kuzaliwa."

Mvua za masika zilikuwa zinanyesha, barabara imejaa tope, hakuna wa kumsumbua. Alisoma asubuhi akinywa chai, akasoma mchana mama yake akichambua maharage. Na kila alipomaliza kitabu, alifungua ukurasa wa kwanza akaandika kwa wekundu, herufi kubwa:

DAKTARI NDIYE MUUAJI. USIHANGAIKE.

WANAOANA UKURASA WA 71. USIFURAHI, UKURASA WA 80 ANAMWACHA.

MWANAMUME WA HUMU KAMA ALIYEKUUZIA KITABU: MREFU BURE.

Mara ya kwanza aliandika kwa hasira. Kufika kitabu cha ishirini aliandika kwa raha. Tatizo moja tu lilimkera: vingine vilikuwa vizuri. Kuna kimoja kilimliza kweli, machozi yakadondoka kwenye maharage, na yeye ndiye aliyekuwa ameapa hatalia. Hicho alikiandikia matusi zaidi.

Kila vikifika kumi alivituma kwa basi hadi Mikumi kwa shoga yake Loveth, aliyeuza mayai ya kuchemsha karibu na Nyanda. Loveth alivibana pini upya kwa mashine ya ofisi ya tiketi, akavichomeka kwenye rundo la Nyanda wakati mwenyewe anakimbilia madirisha. Wiki ya pili akapiga simu, anacheka mpaka haeleweki.

"Shoga! Leo amepigiwa mara kumi na moja! Mmoja yuko Ruaha Mbuyuni, anatukana mpaka mayai yangu yameona aibu. Mwingine mama wa kanisani kabisa, anasema amesoma neno la kwanza tu, bibi harusi kashakufa!"

"Na yeye anasemaje?"

"Anasema samahani mama, samahani baba. Amekonda, Gaudi."

"Bado," alisema Gaudiosa. "Nina kumi na viwili havijasomwa."

Siku ya tatu baada ya hapo simu ikaita.

"Gaudi."

"Nani mwenzangu?"

"Unajua ni nani."

"Namba sina, kaka. Nilifuta."

"Unaniharibia kazi yangu. Umeandika nini kwenye vitabu vyangu?"

"Si unavyo? Soma."

Upande wa pili kukawa kimya. Kisha simu ikakatwa. Gaudiosa alikipenda sana kimya kile. Alikila siku nzima kama pipi.

Mwezi ulipokwisha, Mzee Emanueli, aliyechoka kuonekana mshenga aliyerudi na barua, akaitisha kikao pale pale sebuleni kwa Bi Marciana. Wazee wanne wa mtaa, saa nne asubuhi, milango wazi ili majirani wasipate shida ya kuchungulia. Nyanda alikuja na shati lililopauka, na kitabu kimoja mkononi. Gaudiosa alivaa kitenge cheusi, kama anayekuja kuzika mtu, na alijua nani.

"Mjukuu wangu," Mzee Emanueli alimwambia Nyanda, "ulimwaibisha binti wa watu. Yeye naye inasemekana amekuandikia maneno mabaya. Maneno gani?"

Nyanda akanyoosha kitabu. "Haya hapa, mzee. Someni wenyewe."

"Hapana!" Gaudiosa alisimama. Mwezi mzima alikuwa anausubiri mlango huo. "Asome yeye. Aliniita mwongo kwa mdomo wake mbele ya watu, na haya ayatoe kwa mdomo wake mbele ya watu. Asome, kwa sauti!"

"Ni haki yake," alisema mzee mmoja.

Nyanda akafungua kitabu. Akakitazama. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

Mwezi mmoja nyuma Gaudiosa asingeona kitu. Lakini mtu aliyesoma vitabu hamsini na viwili anajua macho ya msomaji yanavyotembea: yanakwenda, yanarudi, yanashuka mstari. Macho ya Nyanda hayakutembea. Yalisimama mahali pamoja kwenye wekundu, kama ng'ombe anayetazama treni.

Gaudiosa akaanza kukumbuka, kimoja kimoja. Simu bila meseji. Enhe, halafu, halafu. Ukimaliza unisimulie.

"Soma basi, kijana," Mzee Emanueli alisema. Bi Marciana akakaa sawa kwenye kiti. Dirishani vichwa vilikuwa vitano.

Nyanda akainua uso, akamtazama Gaudiosa. Hakumwomba. Alikuwa anasubiri tu kuchinjwa.

Na kisu Gaudiosa alikuwa nacho. Neno moja tu, na Kilosa yote, na Mikumi, mpaka makondakta wa Kidodi, wangecheka muuza vitabu asiyejua a wala be. Angelipwa aibu yake, na chenji ingebaki. Alilionja lile neno kwenye ulimi, na tusidanganyane, lilikuwa tamu.

"Lete hapa," alisema, akampokonya kitabu. "Mwandiko wangu mbovu, hata mimi unanishinda."

Kwenye ukurasa palikuwa pameandikwa: BIBI HARUSI ANAKUFA UKURASA WA 90, NA MUUZAJI WA KITABU HIKI NI MWONGO WA KUTUPWA. Gaudiosa akakohoa, akasoma kwa sauti ya darasani:

"Nyanda, nimechelewa kukisoma, ila nimekisoma. Kizuri. Rudi nyumbani."

Wazee wakatazamana.

"Sasa hapa," alisema Mzee Emanueli, "kosa liko wapi?"

Nyanda alijua kosa liko wapi. Yule mama wa kanisani na wenzake walikuwa wamemsomea maandishi mekundu kwenye simu, kila mmoja ya kitabu chake, kwa herufi zote. Hakuna hata neno moja lililofanana na aliyoyasoma Gaudiosa.

Walipata nafasi ya kuongea nyuma ya nyumba, kando ya tangi la maji, wazee wakiwa wanakula.

"Ulikuwa unawauzia watu hadithi zangu," alisema Gaudiosa.

"Mwaka mzima. Nawasimulia dirishani, wananunua, wakifika mbele wanasoma mambo mengine, wananipigia kunitukana mwizi. Nikadhani hawajui kusoma." Akatabasamu kidogo, kisha akaacha. "Nilipoziona pini ndio nikaelewa. Na sababu sikuweza kuisema. Nilikuwa machungani, Gaudi, wenzangu walipokuwa darasani. Ningekwambia ungenicheka."

"Ningekucheka sana."

"Unaona?"

"Ningekucheka, halafu ningekufundisha. Sasa nitakufundisha bila kukucheka, na hiyo itakuuma zaidi." Akamwekea kidole kifuani. "Na usidhani yameisha. Jogoo wa mama yangu alikufa bure. Posa nyingine sipokei ya mwandiko wa mtu. Barua utaiandika wewe, kwa mkono huo huo. Hata tukizeeka."

Tangu hapo, kila siku saa kumi jioni, mabasi yakipungua, Nyanda huingia ofisi ya tiketi na daftari la mistari minne, na mlango hufungwa. Wauza mahindi wanasema yao. Waache waseme, ukweli ungewasikitisha.

"Leo tunaanza barua," alisema Gaudiosa siku moja, rula mkononi. "Neno la kwanza: NISAMEHE."

"Lina herufi ngapi?"

"Nane."

"Nane! Hakuna fupi zaidi la jambo hilohilo?"

"Lipo. POLE. Hilo nimeshajichukulia mimi, nimekuandikia pale juu ya daftari lako."

Nyanda akalitazama lile neno. Macho yake yakatembea, polepole, yakarudi, yakatembea tena. Midomo ikacheza. Kisha akainama bila kusema kitu, akashika kalamu kama anashika pembe ya fahali, ulimi nje, akachora N yake ndefu.

Gaudiosa aliiangalia kwa muda, shingo upande.

"Imepinda," alisema. "Futa."