Safu ya Wazee

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na sisemi hivyo ili nihurumiwe. Wajinga wengine huhitaji mtu wa kuwaponza. Mimi nilijiponza mwenyewe, kwa jembe la mama yangu, asubuhi njema yenye jua, huku nikiimba.

Jina langu Mbarak. Tulikaa Jomvu Kuu, mimi na mama yangu Mwanatabu, katika nyumba ya makuti iliyokaribia mikoko. Baba alikwenda vitani na hakurudi. Kila asubuhi nilichota maji, nikafungulia mbuzi, nikakimbia chuoni kusoma Kurani, na nikirudi nilishika jembe. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mdomo wa mtu wa arobaini. Kila mtu wa mtaa wetu nilimpa jina la utani, na waliobaki bila jina walijua zamu yao inakuja.

Jambo moja tu sikulitania. Wakati wa vita ulipita mwaka wa njaa. Mahindi yalikauka, mchele haukuonekana, tukabaki na mihogo. Na mihogo ya mama ilipendeza kuitazama, mirefu, majani ya kijani yanang'aa. Watu walipita wakiisifu. Tulipochimba tulikuta imeoza ndani, madoa ya kahawia tupu, mingine migumu kama gome la mti. Tulichimba shina baada ya shina, tukitumaini lile litakalofuata. Dada yangu mdogo Kulthum alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Alikuwa akiita "mbaa, mbaa," kwa sababu Mbarak lilimshinda. Hakufika mvua zilizofuata. Tangu hapo mama alipopita shamba la mtu hakusifu kitu.

Vita vilipokwisha, akaja Bwana Gona. Alikuwa kijana wa Rabai aliyesomea kilimo Makerere, mwembamba, na suruali yake fupi ilikuwa na matope hata siku kavu. Alimwomba mama kipande cha shamba apande mihogo ya aina mbalimbali, aone ni ipi isiyooza. Mama angepalilia na kulipwa ujira, nami nisaidie.

"Lakini sharti moja, mama," alisema. "Magugu ng'oeni. Muhogo usiguswe, hata ukiwa mgonjwa, hata ukichukiza. Nataka kuujua unavyougua."

Jirani yetu Mzee Stambuli, aliyekuja kwetu kila kahawa iliponukia, alicheka mpaka akakohoa.

"Nani anakulipa wewe kutazama mihogo ikiugua?"

"Serikali imetenga mfuko wa utafiti, mzee. Uko mikononi mwa baraza la Nairobi. Mtu huwaandikia: jambo nisilolijua ni hili, nitalitafuta kwa njia hii, nahitaji hiki na hiki. Wao huwapa wajuzi wengine wasome na wamkosoe. Wakiridhika, humpa fungu la mwaka mmoja. Mwaka ukiisha wanakuja kutazama kwa macho yao. Kama kazi ni ya kweli, wanampa fungu la pili."

"Mimi tangu nizaliwe kuna mambo chungu nzima siyajui," alisema Mzee Stambuli. "Mbona hawajanilipa?"

"Hujaandika, mzee."

"Na usipouona huo muhogo usiooza?" nilimuuliza mimi.

"Nitaandika kwamba sikuuona. Hilo nalo ni jibu, na wamelilipia. Atakayekuja nyuma yangu hatapoteza miaka yake palepale."

Basi tukapanda. Kila safu ilikuwa na kigingi chake chenye rangi. Mihogo ikaota vizuri, isipokuwa safu ya kigingi chekundu. Mbegu ya safu ile, yaani vipande vya shina, ilitoka milimani Tanganyika, na vingi vilikauka njiani. Vilivyofika hai vyote tulivipanda pale. Majani yake yalijikunja, yakawa na mabaka ya manjano. Mimi nikaiita safu ya wazee.

"Bwana Gona, shikamoo kwako na kwa wazee wako," nilikuwa nikimwambia. "Leo wameamka na mgongo?"

"Marahaba. Waache wazee wangu."

Mwaka ukakaribia kwisha. Wageni wa baraza walikuwa waje kwa gari la moshi, washuke Changamwe, na mihogo ichimbwe mbele yao. Bwana Gona hakula vizuri juma lile. Fungu la pili ndilo lingempa nafasi ya kupanda mashamba zaidi, Kisauni na Likoni, na kugawia watu mbegu. Bila fungu, kazi ingeishia hapo.

Siku moja kabla ya wageni, yeye alikwenda mjini kutafuta gari la kuwapokea. Mama alikwenda matangani Mikindani. Akaniachia maneno: "Fagia njia, Mbarak. Palilia upande wa chini. Wageni wa Gona ni wageni wetu."

Sasa, kwetu mgeni akija, nyumba hubadilika. Mkeka uliotoboka hufichwa uvunguni, kikombe chenye ufa husukumwa nyuma ya mtungi, mtoto mwenye makamasi hupelekwa kwa jirani. Si uongo, ni heshima. Nilifagia njia mpaka ikameremeta. Nikapalilia. Kisha nikainua macho nikaiona safu ya wazee, imejikunyata katikati ya shamba zuri, nikaona haya kwa niaba ya Bwana Gona.

Mzee Stambuli alikuwa akipita. "Mtawaonyesha wazungu takataka hizi?" aliuliza.

Hakuhitaji kuniuliza mara mbili. Niling'oa safu nzima. Mashina niliyakusanya na nyasi nikayatia moto, kama kila mkulima wetu anavyofanya kwa muhogo mgonjwa. Machache, yaliyokuwa mazito, niliyashindilia penye pengo la boma la mbuzi. Mihogo yenyewe niliitia kikapuni nikaipeleka jikoni. Nilikata mmoja. Ulikuwa mweupe kama maziwa. Na mimi, kwa akili zangu zote, nikaona: leo tutakula vizuri.

Mama alirudi adhuhuri. Alichukua muhogo, akaumenya, akakata wa pili, wa tatu.

"Umeitoa wapi hii?"

"Safu ya wazee, mama. Nimesafisha shamba."

"Mashina yake yako wapi?"

Nikamwonyesha majivu.

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alikaa chini mlangoni, kisu mkononi, akautazama ule muhogo mweupe. "Huu ndio uliokuwa ukitafutwa," alisema kwa sauti ndogo. Kila mtu anajua muhogo hauoti kwa kile tunachokula. Huota kwa shina. Tulikuwa na kikapu kizima cha jibu, na hatukuwa na kitu cha kupanda.

Bwana Gona alifika alasiri. Nilimwambia mwenyewe, kwa sababu mama alikataa kuniambia nimwambie vipi. Alikwenda mpaka kwenye majivu, akachutama, akayapekua kwa kijiti. Kijiti hakikukuta kitu. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

Mzee Stambuli ndiye aliyeleta dawa. "Mbona mnalia kabla ya msiba? Mihogo si hii hapa? Izikeni usiku huu chini ya safu ile ya kigingi cha kijani. Kesho mfukue mbele yao. Mzungu anajua muhogo umezaliwa wapi?"

Nami, Mungu anisamehe, nilikwisha tupia jicho jembe.

"Halafu mwakani nipande nini, mzee?" aliuliza Bwana Gona. "Watanipa fungu nieneze mbegu ya ile safu ya kijani. Watu wataipanda kwa kuniamini."

Wageni walikuja wawili, mmoja mzee mwenye mkongojo, mwingine kijana aliyeandika kila kilichosemwa. Safu zenye majani mazuri zilichimbwa moja moja, na zote zilikuwa na uozo, nyingine kidogo, nyingine hazifai hata kwa nguruwe. Walipofika penye kigingi chekundu palikuwa na mashimo matupu.

Bwana Gona aliwaambia yote. Hakunitaja jina. Alisema, "Shamba langu halikulindwa, na ulinzi ulikuwa kazi yangu." Akaleta kikapu.

Mzee wa mkongojo aliushika muhogo mweupe, akaunusa. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, lakini kilitosha kuumiza.

"Bwana, mimi nasadiki wewe. Lakini baraza haiwezi kulipa kikapu. Mimi naona kikapu, haioni shamba. Na mbegu hakuna. Fungu ya pili nitapeleka kwa mtu ingine, ana shamba. Kama siku moja wewe napata mbegu, andika tena."

Bwana Gona alishukuru, akawasindikiza. Juma lile hakuja tena kwetu. Alipata kazi ya kuhesabu magunia katika ghala la serikali huko Voi, mtu aliyesomea uhai wa mimea. Vigingi vyake vilibaki shambani mpaka mvua ikafuta rangi. Mama alikula ile mihogo myeupe kwa sababu kwetu chakula hakitupwi, lakini alikula akiwa amenipa mgongo, nami nilijua alikuwa akimfikiria nani. Utani ukanihama. Watu waliuliza kama naumwa.

Mvua za masika zilipoanza, mbuzi mmoja alipasua boma akatoroka. Nilipokwenda kuziba, niliona kigogo kimoja cha yale mashina niliyoyashindilia na kuyasahau kimechipua. Cha pili pia. Majani yalikuwa madogo, yamejikunja, yana mabaka ya manjano. Sijapata kuona kitu kibaya namna ile kikapendeza namna ile. Nilipiga magoti kwenye mavi ya mbuzi nikaita, "Mama, wazee wako hai."

Bwana Gona alipelekewa habari na mtu wa gari la moshi, akaja Jumapili. Aligusa yale majani kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Tulikata miti ya mikoko, tukazungushia ua wa kweli, mbuzi wakahamishwa. Machipukizi yalikuwa machache mno. Mwaka mzima wa kazi ulikuwa umepotea, na baadhi ya watu waliokuwa wakiusubiri muhogo ule hawakuwa na mwaka wa kupoteza.

Nikuambie mapema, usije ukakaa roho juu: baraza lilimpa fungu tena, dogo kuliko la kwanza, na pamoja nalo masharti kuhusu ulinzi. Lakini Jumapili ile hatukulijua hilo. Bwana Gona alikuwa amekaa kwenye kigoda chetu akiwaandikia upya, na Mzee Stambuli, mwenye kikombe cha kahawa, alikuwa akimfundisha kuandika.

"Usitaje boma la mbuzi," alimwambia. "Watakucheka. Andika kwamba uliweka akiba ya mbegu, mahali maalumu, kwa busara yako."

"Sikuweka, mzee."

"Najua hukuweka. Wao ndio hawajui. Ile siku ya kikapu ulisema kweli, ukapata nini? Magunia ya Voi."

Bwana Gona alisimamisha kalamu. Alikuwa amechoka, nami nilimwona akiyapima yale maneno. Nikamsaidia Mzee Stambuli, kwa sababu zangu. "Kweli, Bwana Gona. Na habari ya kung'oa, si lazima waisome kila mara."

Mama alikuwa akitwanga pembeni. Akauacha mchi.

"Mbarak, njoo ukae hapa," alisema. "Uling'oa safu ile kwa sababu ilikuwa mbaya machoni, na leo unataka maneno mabaya machoni yang'olewe vilevile. Hukujifunza kitu? Anayetoa fungu hanunui majani. Ananunua kilichomo chini, kizuri au kibovu, ili mwingine asidanganyike. Ulikosea, basi liandikwe kosa, lisaidie mtu."

"Naam, mama."

"Hayo ya kumfundisha mtoto," alisema Mzee Stambuli. "Watu wazima tunajua mambo yanavyokwenda. Maneno mazuri kidogo yamemdhuru nani, Mwanatabu?"

Mama alimtazama bila hasira.

"Mwaka ule wa njaa ulipita shambani kwangu, Stambuli, ukasema mihogo yangu mizuri kushinda yote ya Jomvu. Nikakuamini, nikakaa nikingoja ikomae, kumbe inaoza chini. Nenda kamuulize Kulthum yamemdhuru nani."