Namba Kwenye Mkono wa Kushoto

Mlinzi ndiye aliyemkuta. Alifungua mlango wa ofisi saa moja asubuhi, akamwona mama wa ofisi ile amelala chali sakafuni kati ya meza na kabati la mafaili, miguu imenyooshwa, mikono ubavuni, macho yamefumbwa. Kwa muda mfupi alidhani amejinyoosha kupumzisha mgongo. Kisha akaona kiatu chake kimoja kiko mbali, chini ya dirisha, akaelewa.

Inspekta alifika nusu saa baadaye pamoja na koplo wake, dada mrefu asiyecheka ovyo. Nje walishakusanyika askari wastaafu wapatao kumi na wawili: wa magongo, wa miwani myeusi, mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Kila mmoja alishika bahasha yake. Walikuwa wameambiwa, na bado walisimama kwenye foleni kwa sababu hawakujua wafanye nini kingine.

Walimwita Mama Fomu. Kwa miaka kumi alikaa kwenye meza ile akiwaandikia maombi ya matibabu na mafao ya ulemavu. Wengine hawakujua kuandika. Wengine walijua, ila wakifika kwenye ile siku ya kuumia, kalamu iliwashinda.

Daktari wa polisi alikuwa amepiga magoti kando ya mwili.

"Hakuna damu wala kamba," alisema. "Mishipa miwili ya shingo imebanwa, wa huku na wa huku. Aliyefanya hivi alijua pa kuweka vidole."

"Lini?"

"Bado ana joto. Saa moja iliyopita, haizidi sana."

Inspekta aliinama kuitazama shingo. Miaka ishirini kazini, na muuaji mwenye mikono safi bado alimtisha kuliko mlevi mwenye panga.

"Na hii?" koplo aliuliza. Aliugeuza mkono wa kushoto wa mama taratibu. Kwenye kifundo, upande wa ndani, palikuwa na tarakimu nne za wino mweusi: 0655.

"Namba ya faili?"

"Mafaili yao yana tarakimu sita, nimeshaangalia."

"Piga picha," alisema Inspekta.

Mlinzi alihojiwa kwenye benchi la kusubiria. Alikuwa sajenti zamani, na mkono wa kulia wa shati lake ulikuwa mtupu, umebanwa kwa pini.

"Nani ana funguo?"

"Mimi na yeye tu, afande. Lakini akifika hiyo saa kumi na mbili na nusu yake, huacha mlango wa nyuma wazi apate hewa. Nimemsema mpaka nimechoka. Ananijibu, nani atakuja kuiba fomu?"

"Leo alikuwa na miadi na nani?"

"Wa kwanza ni saa tatu. Marehemu."

Inspekta aliinua macho. "Marehemu yupi?"

"Ndilo jina tulilompa. Utani wetu sisi askari. Kwenye daftari la jeshi alikufa miaka kumi na saba iliyopita. Kumbe aliachwa uwanjani, akatekwa, akaja kuachiwa huko ugenini bila karatasi hata moja. Amerudi mwaka huu, mguu umeoza. Hospitali ya jeshi inamfukuza kila akienda. Wanamwambia jina lake lina alama ya kifo. Na mguu ule usipokatwa wiki hii, afande, sumu itamwingia kwenye damu."

"Mama alimsaidiaje?"

"Alihitaji shahidi wa kikosi chake, aseme ndiye huyu na yu hai. Akampata. Leo ndiyo walikuwa wakutane, maana mama hakubali sahihi bila kusoma. Maelezo yote anayasoma kwa sauti, mwombaji huyu hapa, shahidi yule pale, wakitazamana. Hapo hapindishi hata kidogo."

"Shahidi ni nani?"

"Hakunitajia. Alisema tu amefurahi, ni mtu mwema."

Koplo alichungulia kutoka ndani. "Inspekta, faili moja halipo. La Marehemu."

Inspekta alimwonyesha mlinzi picha ya mkono. "Namba hii unaijua?"

Mzee wa watu aliitazama, uso ukambadilika.

"Nani amemwandika hivi?"

"Nakuuliza wewe."

"Kule mbele, mtu akifa, aliandikwa saa kwenye mkono wa kushoto. Ili wanaokuja kuchukua miili wajue. Sifuri sita hamsini na tano. Saa moja kasoro dakika tano, afande. Mimi nilikuwa njiani nakuja."

"Nani alikuwa anaandika?"

"Tabibu wa kikosi. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa."

"Tabibu wa kikosi cha Marehemu yuko wapi siku hizi?"

"Yuko hapahapa mjini. Ana zahanati nyuma ya soko. Mtu mwema sana huyo, anatupima bure..." Alijisikia mwenyewe, akaziba mdomo.

Inspekta alikuwa ameshasimama. Ndani ya faili lililoibwa mlikuwa na anwani ya mgonjwa asiyeweza kukimbia.

"Marehemu anakaa wapi?"

"Nyumba ya wageni karibu na stendi. Chumba cha mwisho."

Mwenye nyumba aliwapokea akiwa na ufagio mkononi, hana habari.

"Mmepishana. Daktari amekuja na gari kumchukua, kama dakika ishirini hivi. Amevaa barakoa, mpole huyo, hata shikamoo kanipa. Amesema katumwa na yule mama wa ofisini."

Chumbani shuka lilikuwa limelowa jasho. Gongo liliegemezwa ukutani.

"Mbona gongo limebaki?"

"Nilimkumbusha. Daktari akasema hatalihitaji."

Koplo alivuta mto. Chini yake kulikuwa na mfuko wa nailoni wenye karatasi mbili zilizokunjwa vizuri, mwandiko wa Mama Fomu. Kila mwombaji alipewa nakala yake.

"Nisome?"

"Weka mfukoni. Kwanza tumkute anapumua."

Inspekta aliendesha kuelekea zahanati ya nyuma ya soko. Aliogopa, na hakuona haya kukiri hivyo moyoni. Kila taa nyekundu ilimwonyesha mkono wa kushoto wa mtu mwingine, na namba mpya juu yake.

Zahanati ilikuwa na kibao cha "Tumefunga" na pazia limevutwa. Walizunguka nyuma. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu.

Marehemu alikuwa kitandani, mwembamba, macho yanaelea kwa homa. Shati lake lilikuwa limepandishwa hadi begani. Kando yake alisimama mwanamume wa makamo mwenye barakoa, sindano mkononi. Kwenye trei, kati ya pamba na spiriti, palikuwa na kalamu nyeusi ambayo imeshafunguliwa kifuniko.

"Weka chini," alisema Inspekta.

"Ni dawa ya maumivu tu. Mgonjwa ana hali mbaya."

"Kama ni dawa ya maumivu, weka chini tuzungumze."

Tabibu aliitazama saa ya ukutani. Hilo ndilo lililomtisha Inspekta zaidi. Koplo hakungoja jibu. Alimkamata kifundo cha mkono, akakizungusha, na sindano ikaanguka sakafuni.

"Daktari," Marehemu aliuliza kwa sauti ya mtu aliye usingizini, "imekwisha?"

Hakuwa amemtambua.

Kituoni Tabibu alikaa wima, viganja juu ya meza.

"Sindano ilikuwa na nini?" Inspekta alianza.

"Maabara itakuambia."

"Niambie wewe."

"Dawa ya kusimamisha moyo."

"Mama Fomu alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Alinipigia simu jana mchana, furaha tupu. Ati, nimempata mtu wako, yu hai! Njoo kesho tusome maelezo yake, utie sahihi, tumwahi na mguu wake."

"Si ungetia sahihi tu? Ungesema ulikosea. Vitani watu hukosea."

"Kwa karatasi ningesema. Lakini yule mama alikuwa anasoma kwa sauti. Ningekaa pale, yeye mbele yangu, nisikie mambo niliyofanya."

"Ulifanya nini?"

Tabibu alivitazama viganja vyake. Koplo aliacha kuandika.

"Ulijua yu hai," alisema Inspekta.

"Alikuwa ananiita. Jina langu, lile la nyumbani, wala hakuniita kwa cheo. Risasi zilikuwa zinakuja. Machela ni ya watu wawili, na mwenzangu alishakimbia. Nilipiga magoti, nikaangalia saa, nikamwandika. Yeye anaita, mimi naandika. Kwa sababu ukimwacha majeruhi utaulizwa. Ukimwacha maiti hakuna anayekuuliza. Niliogopa, Inspekta. Hakuna kingine. Na tangu siku ile sijaacha kuogopa."

"Leo asubuhi?"

"Nilikwenda kumwomba anisomee mimi kwanza, peke yangu. Akakataa. Akasema hiyo si haki kwa mwenzako, subiri saa tatu. Akanipa mgongo kufungua kabati. Sikumbuki vizuri. Nakumbuka nilimlaza asiumie kichwa. Nilipoinuka nikakuta nimeshamwandika mkononi. Mkono tu, kwa mazoea."

"Faili ulilisoma?"

"Nilichukua anwani, nikalichoma. Kulisoma niliogopa."

Inspekta alitoa karatasi mbili kwenye mfuko wa nailoni. Hata yeye alikuwa amezisoma dakika kumi tu zilizopita, amesimama kwenye korido. Sasa alisoma kwa sauti.

"'Tabibu alinifikia. Alipiga magoti karibu yangu. Nilijaribu kumwita lakini sauti haikutoka, mdomo ulikuwa umejaa damu na vumbi. Aliniandika saa mkononi, akaenda. Simlaumu. Mtu yeyote angeona maiti pale. Akipatikana, naomba asiulizwe maswali mengi. Mwambieni namkumbuka kwa wema, maana siku mbili kabla alinipa maji yake.'"

Tabibu alikuwa amemkodolea macho.

"Rudia hapo."

"Wapi?"

"Hapo kwenye sauti."

Inspekta alirudia. Tabibu aliinamisha kichwa mezani na kulia kwa sauti kubwa, mpaka askari wa zamu akaja kuchungulia. Walimngoja. Kisha alitia sahihi kila ukurasa wa maelezo yake ya kukiri kosa bila kuulizwa mara mbili.

Maelezo hayo yalikuwa ushahidi wa mauaji. Yalikuwa pia karatasi pekee duniani, yenye sahihi ya tabibu wa kikosi, inayosema yule mtu hakufa. Koplo aliipeleka nakala hospitali ya jeshi mchana uleule, akakaa kwenye dirisha la mapokezi na kukataa kuondoka hadi walipomwingiza Marehemu chumba cha upasuaji.

Siku ya tatu Inspekta alikwenda kumwona. Mguu ulikuwa umekatwa chini ya goti. Homa ilikuwa imeshuka, na sasa alionekana ni mtu mzima kama wengine, mwenye ndevu za kunyoa na njaa.

"Yule mama wa watu," alisema, "kwa nini wamemuua?"

Inspekta alikuwa amepanga kumwambia maneno machache tu. Lakini sheria ilimtaka mgonjwa asome maelezo yale na athibitishe kwamba anayetajwa ni yeye. Alifikiria kumruhusu aweke kidole gumba bila kusoma. Akamkumbuka mama aliyelala sakafuni, akaona aibu. Akampa karatasi.

Mgonjwa alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kwenye ukurasa wa pili kidole kilisimama.

"Inspekta."

"Nipo."

"Hapa anasema nilikuwa namwita."

"Ndivyo alivyosema."

"Kwa jina la nyumbani."

"Ndiyo, kaka."

Alitia sahihi, akamrudishia kalamu, akageukia ukutani.

"Kumbe sauti ilitoka," alisema.