Makochi Yaliyoondoka Kabla ya Harusi

Kila Jumamosi akishamaliza kudeki, Kasuku alifuta vumbi kwenye makochi mapya ya kaka yake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu ya mdomo wake: ukimwambia siri asubuhi, mchana mtaa mzima unayo. Makochi yalikuwa bado yamevikwa nailoni, na hakuna aliyeruhusiwa kuyakalia mpaka kaka aoe mwezi ujao.

Siku hiyo mama alikuwa kazini, kaka yuko uani, na Kasuku akajiibia raha kidogo. Alikaa. Hata hajaegemea vizuri, wanaume wawili wakaingia.

"Samahani, binti," alisema mmoja kwa upole kabisa. "Simama kidogo tuchukue kochi."

Kasuku alisimama. Alimwita kaka yake kwa sauti ya mtu aliyevamiwa. Kaka, ambaye alikuwa fundi wa mafriji, aliingia na bisibisi mkononi, akawatazama wale wanaume, kisha akawashikia mlango wapite. Hilo lilimshtua Kasuku kuliko yote. Makochi yalitoka moja baada ya jingine, yakapakiwa kwenye gari huku majirani wakichungulia.

"Kaka, ulijua watakuja?"

"Nilijua." Alikaa sakafuni. "Ni watu wa duka nilikoyachukua kwa mkopo. Nikashindwa kulipa, nikakopa kwenye simu. Nikakopa tena kwingine ili nilipe ule wa simu. Sasa nadaiwa kila upande. Nafikiria kwenda mahakamani nitangazwe mufilisi."

"Ndiyo nini?"

"Ni kukiri mbele ya sheria kwamba madeni yamekushinda. Vitu vyako vinaweza kuuzwa, pesa wagawiwe wanaokudai, na ukitaka kukopa tena, hakuna wa kukuamini."

Huyu ndiye kaka ambaye Kasuku alimwona tajiri, mtu wa kutoa mfukoni bila kuhesabu.

"Na wifi anajua?"

"Hajui. Akijua ataniacha. Nakuomba, mdogo wangu, mara hii tu, funga mdomo mpaka harusi ipite."

Jioni, kaka akiwa ameitwa na mteja, wifi mtarajiwa alifika na kifurushi cha vitambaa vya makochi alivyovidarizi mwenyewe. Alisimama katikati ya sebule tupu, akageuka huku na huku.

"Makochi yako wapi?"

Kasuku alijibu haraka. "Yamepelekwa kwa fundi, wifi. Yabadilishwe kitambaa."

"Fundi gani?"

"Yule wa... wa pale barabarani."

Wifi alimkazia macho. Yeye mwenyewe alikuwa fundi cherehani, na nusu ya makochi ya mtaa ule yalivaa nguo alizozishona yeye.

"Pale barabarani fundi ni mimi," alisema taratibu.

Kasuku aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Machozi yalimtoka, na maneno yakafuata kwa pumzi moja: gari, simu, mahakama, yote. Wifi alisikiliza bila kumkatiza.

Kaka aliporudi alimkuta wifi amekaa sakafuni akimngoja. Akaulizwa nani mwingine anamdai, akawataja wote, kichwa chini.

"Harusi tunaisogeza," alisema wifi.

"Unaniacha?"

"Nimesema tunaisogeza. Kesho kutwa twende kwa wakili."

Wakili, mama mmoja mpole, aliwaeleza kwamba kutangazwa mufilisi ni njia ya mtu ambaye njia nyingine zote zimeziba. Kaka bado alikuwa na kazi na nguvu. Aende kwa kila anayemdai, aombe kulipa kidogo kidogo, na asiguse mkopo mpya. Kaka aliuza pikipiki yake. Alitengeneza mafriji mpaka siku za mapumziko, akawa anakwenda kwa wateja kwa miguu, amekonda, ila anacheka tena. Ilichukua zaidi ya mwaka. Deni la mwisho lilipoisha na jina lake kuondolewa kwenye orodha ya wakopaji wasiolipa, harusi ikafungwa, ndogo, wageni wakakalia viti vya plastiki vya kuazima.

Siku chache baadaye, wakikunja nguo, Kasuku aliuliza jambo lililokuwa likimkera moyoni.

"Wifi, kweli ungemwacha kaka kwa sababu ya madeni?"

"Madeni? Hapana. Madeni yanalipwa, umeona mwenyewe." Wifi aliweka shati chini. "Kilichonishtua siku ile ni wewe. Mtoto ninayempenda ananitazama usoni ananidanganya. Nikajiuliza, kama hata sijaolewa na tayari ameshafundishwa kunificha mambo, nikishaingia humu nitamwamini nani?"

Kaka alikuwa mlangoni, amesikia kila neno.

"Mimi ndiye niliyemfundisha," alisema.

"Na mimi nilikubali," alisema Kasuku, sauti ndogo.

Wifi aliwageukia wote wawili. "Basi sikilizeni. Pesa zikipungua humu ndani tutazitafuta pamoja. Lakini kuaminiwa, hakuna atakayekutafutia. Kila mtu atajitafutia mwenyewe, kwa kusema kweli hata pale anapoogopa kuachwa."

Kisha alimsogezea Kasuku rundo la nguo, na kaka akaja kukaa nao kukunja.