Kitana Cheusi

Kitana cha fedha kilitoweka asubuhi ileile ambayo kingekabidhiwa, na Mkaguzi Kurotani akaitwa akiwa keshavua soksi.

Alikuwa na likizo ya siku mbili, ya kwanza baada ya miaka minne. Alipanda basi mpaka mwisho wa barabara ya mlimani ili aloweke mgongo katika maji moto, basi. Sasa amesimama barazani akinusa salfa ya maji ambayo hajayagusa.

Kitana kile alikivaa nyweleni mwenye nyumba ya wageni, na aliyekivaa hakuondoka mlimani mpaka afe. Leo mwenye nyumba, Mama Hisano, alikuwa amkabidhi binti yake, Michiyo, aliyerudi juzi kutoka Osaka baada ya miaka saba. Kisanduku kikakutwa kitupu. Ufunguo hukaa kwa Fusae, mtumishi mkuu, naye akaamriwa aondoke na basi la saa sita.

Kurotani alihoji, akapekua vyumba, akaambulia patupu. Saa nne uzalendo ukamshinda. Akavuka pazia la buluu la wanaume, akajiosha, akaingia kwenye bwawa la mawe. Hata hajashusha pumzi, kitu kikamchoma unyayo kando ya jiwe.

Kilikuwa kitana, cheusi kama masizi.

Alikiweka mezani mbele ya mama na binti, nywele zake zikichuruzika maji.

"Mtumishi gani hapa hajui salfa inageuza fedha kuwa nyeusi?"

"Hayupo," alisema Mama Hisano. "Siku ya kwanza tu nawavua pete."

"Basi Fusae asingekificha majini. Binti, jana jioni ulioga wapi?"

"Kwa wanawake. Bwawa la mawe."

"Leo ni la wanaume. Mapazia hubadilishwa kila alfajiri, wageni waonje mabwawa yote mawili. Miaka saba mbali ulisahau yote mawili, salfa na mapazia, ukashindwa kurudi kukichukua."

Michiyo aliinamisha kichwa. Alikiri kwamba aliuchomoa ufunguo kwenye mkoba wa Fusae, mwenye mkoba akiwa anasugua sakafu.

"Nilitaka siku ipite, nirudi Osaka. Sikujua atafukuzwa dada Fusae. Halafu nikaogopa kusema."

"Ungeniambia hutaki," mama yake alisema.

"Nimekuambia miaka saba, mama. Kila nikipiga simu unaniuliza narudi lini."

Ilikuwa saa sita kasoro. Mama Hisano alikimbia kituoni na kandambili za ndani, Kurotani nyuma yake na begi lake. Fusae alikuwa amekaa na furushi mapajani. Mama Hisano akainama mpaka paji la uso likagusa changarawe, akamsihi arudi.

Fusae alisimama, furushi mkononi.

"Miaka thelathini nakusugua mgongo, Mama. Ungeniuliza tu: Fusae, ni wewe?"

Basi likafungua mlango, akapanda. Kurotani naye akapanda. Likizo ilibaki na siku nzima, lakini hamu ya kuoga ilikuwa imemwisha.