Kimulimuli Hasikiki

Foleni ya mafundi ilianzia mlango wa nyuma wa ukumbi ikaishia kwenye meza ya Nyaya, na kila mmoja alitaka apewe chake upesi akaendelee na kazi. Wanamitindo walipita katikati wakiwa na vibanio kichwani, mtu wa maua aligombana na mtu wa mazulia, ngazi za chuma zikaburuzwa sakafuni. Nyaya hakuinua kichwa. Alikuwa akigawa viboksi vya intakomu, vile vinavyoning'inizwa kwenye mkanda na kuunganishwa na hedifoni yenye kipaza sauti, ili watu wa taa, wa muziki na wa jukwaa wasemezane wakati wa onyesho bila watazamaji kusikia. Viboksi vyote vilikuwa kwenye mtandao mmoja, na mtandao wenyewe uliendeshwa kutoka kwenye kompyuta yake. Ndani ya ukumbi ule, mtu alisema kwa sababu Nyaya alikuwa amemruhusu kusema.

Mkono ukanyooshwa mbele yake. Aliutambua kabla hajamwona mwenyewe, kwa kovu la kuungua kwenye kidole gumba. Lilitokana na kushika taa ya moto siku moja, mwenye mkono akimwonyesha ushujaa.

"Habari za siku nyingi, Nyaya."

Damu ilimchemka hadi masikioni. Kimulimuli alikuwa amevaa shati jeusi lililonyooshwa vizuri, suruali ya kijivu, ndevu amezichonga. Alikuwa amenawiri, na hilo lilimuudhi kuliko salamu yenyewe. Mtu aliyekutendea ubaya unamwombea angalau akonde.

"Jina na kazi," alisema Nyaya, kama anayezungumza na mpita njia.

"Jina unalijua. Kazi, meneja wa jukwaa."

Mtu wa muziki, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, akadakia kwa furaha kwamba leo ndipo mwenzao anapimwa. Mwenye onyesho, mama mbunifu wa mavazi, alikuwa amesema wazi: mambo yakienda sawa, Kimulimuli anapata kazi ya kudumu, yakiharibika, kila mtu na njia yake. Nyaya alisikiliza neno kwa neno. Kisha akampa Kimulimuli kiboksi chake kwa vidole viwili, kama anayemshika panya mkia.

Zamani walifanya kazi kampuni moja, yeye mawasiliano, mwenzake taa. Jina la Kimulimuli alipewa kwa sababu hakuweza kuona swichi asiiguse. Mapenzi yao yalianzia masikioni. Kabla hajauzoea uso wake, Nyaya alikuwa ameizoea sauti yake, ikimwambia taratibu katikati ya shughuli za watu, "Mpenzi, hiyo blauzi ya kijani imeniharibia hesabu zote." Kila mtu kwenye chaneli ya kwanza alisikia na kucheka, na bosi akafoka kwamba chaneli ya kwanza ni ya kazi, anayetaka kutongoza akatongozee kwao.

Jioni ya siku hiyo hiyo ya blauzi, mwimbaji mgeni akiwa katikati ya wimbo, taa zote zilizimika. Ziliporudi, bosi aliuliza kwenye chaneli ya kwanza, mafundi wote wakisikia, ni nani aliyemfedhehesha. Akajijibu mwenyewe kwamba ni Nyaya, ameuchezea mtandao ambao taa nazo ziliunganishwa nao. Lakini mtandao ulikuwa mzima. Nyaya alijua, na Kimulimuli alijua, kwamba taa zile zingeweza kuzimwa mahali pamoja tu, kwenye meza ya taa, kwa kidole cha Kimulimuli. Akangoja aseme. Neno moja tu lingemtoa lawamani. Alipogeuka kumtazama ng'ambo ya ukumbi, alimwona amesimama na mwanamke wa gauni la njano, mdomo unamwenda, anapiga soga. Kwenye hedifoni, kimya. Nyaya akafukuzwa mbele za watu kama mwizi wa kuku. Alitoka bila kumuaga mtu, akaifungia namba ya Kimulimuli, akahamia kwa mama yake mdogo upande wa pili wa mji. Tangu hapo chuki aliilea kama mtoto, akailisha, akaivisha, ikakua.

Sasa alijibanza kwenye ushoroba nyuma ya mapazia, akapiga simu. Cherehani ilikuwa ikinguruma upande wa pili.

"Mama mdogo, yupo hapa."

"Nani?"

"Yule."

Cherehani ikanyamaza. "Amekuja kukuomba radhi?"

"Amekuja kuwa meneja. Kaniambia habari za siku nyingi."

"Basi? Hivyo tu?" Mama mdogo alivuta pumzi. "Mwanangu, siku zote nakwambia samehe, mtu husamehe akapata usingizi. Leo sikwambii. Huyo mnyoe bila maji."

Nyaya alirudi mezani anatabasamu. Mpango wake ulikuwa mdogo na safi. Onyesho lingefungwa na vazi la harusi: taa zinapunguzwa, bibi harusi anasimama ukingoni mwa jukwaa, na watu wote wanangoja sauti ya meneja iseme, "Muziki, twende." Hapo Nyaya angemwondolea ruhusa ya kusema kwenye chaneli ya kwanza. Angebonyeza mara moja tu. Hakuna ambaye angeanguka wala kuvunjika mguu. Kimulimuli angeonekana ameduwaa siku anapopimwa, watu wangengoja neno lake wasilipate, naye angejua uchungu wa kimya kama kile.

Onyesho lilianza mchana, na lazima isemwe kweli: Kimulimuli aliijua kazi. Magauni ya hariri ya rangi ya shaba yalitoka kwa wakati wake, makoti yenye mabega mapana yakafuata, taa ikampokea kila mwanamitindo anapotokea. Sauti yake ilikuwa shwari masikioni mwa wote. Nyaya aliisikiliza huku ameuma meno, maana mwili ulikuwa bado unaikumbuka na moyo ulikuwa haujauruhusu.

"Fundi wa mawasiliano," ilisema sauti katikati ya mavazi ya ofisini, "ahsante. Leo nawasikia wote kama tumekaa sebuleni."

"Angalia jukwaa lako," alijibu Nyaya.

"Naliangalia. Mengine nayaangalia kwa jicho la pembeni."

Mtu wa muziki alicheka. Nyaya hakucheka. Alisogeza mkono wake karibu na kompyuta.

Taa zikapunguzwa. Bibi harusi akasimama ukingoni, gauni jeupe limemjaa hadi sakafuni, wanawake wawili wameshika shela nyuma yake. Nyaya akabonyeza.

Kimya. Mtu akakohoa kwenye viti vya mbele. Bibi harusi akageuza macho tu, shingo imekakamaa. Watazamaji wakaanza kunong'onezana. Nyaya akainuka kwenye kiti ili aone vizuri, maana alitaka kuiona hofu usoni mwa mtu yule. Hayo ndiyo malipo aliyokuwa akiyasubiri muda wote.

Kimulimuli alikuwa amesimama kando ya pazia, mwanga mdogo wa meza yake ukimpiga usoni. Hofu haikuwepo. Alikuwa akisema. Alisema, akangoja, akasema tena, akatikisa kichwa kama mtu ambaye amesikika na anawashangaa wenzake kwa kuzubaa. Viboksi vile humrudishia mtu sauti yake sikioni, hata aliyefungiwa. Anajisikia anavyosema, akaamini dunia nzima imemsikia. Mbele yake alikuwa amesimama msaidizi wa mavazi mwenye kilemba cha waridi, na mtu yeyote aliyetazama kwa mbali angeapa kwamba wawili wale wanapiga soga.

Nyaya akakumbuka. Siku ile ya blauzi ya kijani, bosi alipomaliza kufoka, ni yeye mwenyewe aliyemfunga Kimulimuli mdomo kwenye chaneli ya kwanza. Alifanya kwa utani, kwa mapenzi, akicheka peke yake. Alikusudia kumwambia na kumfungulia kabla watu hawajaingia. Kisha kazi zikamzonga, akasahau.

Alimfungulia.

"...muziki, twende, jamani," ilisikika sauti, na muziki ukaanza. Bibi harusi akatoka, watu wakapiga makofi.

Lakini mwenye onyesho naye alikuwa na hedifoni. Aliuliza kimya kile kilikuwa cha nini, na kama meneja alikuwa amelala. Kimulimuli akajibu kwa heshima kwamba alisema, tena zaidi ya mara moja. Mama yule akamwambia hakuna mtu aliyesikia kitu, asimwongezee uongo juu ya uzembe, onyesho likiisha ashike njia.

Kisasi kilikuwa kimetimia kuliko kilivyopangwa, na hakuna ambaye angejua. Nyaya alikaa nacho kidogo. Hakikuwa na ladha yoyote.

"Alisema, mama," Nyaya alisema. "Mimi ndiye niliyemfunga asisikike. Makusudi."

"Wewe nani?"

"Fundi wa mawasiliano. Tulikuwa na ugomvi wa zamani. Yeye hana kosa, kazi yake ameifanya."

Mama yule alimwambia onyesho likiisha asimwone tena machoni pake. Nyaya akasema hatamwona. Kisha ikasikika sauti ya Kimulimuli: "Wanamitindo wote, tayari kurudi jukwaani kuaga. Twende." Akaendelea hivyo hadi mwisho.

Watu walipotoka, jua la alasiri liliingia kwa mlango wa mizigo. Kimulimuli alikuja wa mwisho kurudisha kiboksi.

"Kazi nimepewa," alisema. "Sasa niambie ugomvi wenyewe. Maana mimi nilidhani mwenye haki ya kugombana ni mimi."

Nyaya alimweleza yote, utani wa kumfunga, kusahau, kimya alichokisikia, na mwanamke wa gauni la njano. Kimulimuli alisikiliza hadi akaketi juu ya spika.

"Yule alikuwa mvishaji wa mwimbaji, alikuwa amekwama gizani," alisema. "Mimi nilikuwa namwambia bosi ni mimi niliyezima, akuache. Nilijisikia kwa masikio yangu. Kisha nikakuona unaondoka. Nikasema, kumbe nimekiri mbele za watu na bado huyu hanitaki." Akaeleza kwamba alimfuata bosi hadi ofisini akakiri tena, bosi akasema hawezi kulamba mate aliyokwisha kuyatema, naye akaacha kazi siku ile ile. "Nimekuchukia, Nyaya. Nimekuchukia kwa bidii sana."

"Nami pia. Nifanye nini sasa?"

Kimulimuli alimtazama, akachukua kiboksi kimoja mezani. "Kiondolee hiki ruhusa ya kusema."

Nyaya akakiondolea. Kimulimuli akamvisha hedifoni ya kiboksi hicho, akimsogeza nywele kwa hasira iliyokuwa na adabu, akavaa yake, akaenda kusimama mwisho kabisa wa jukwaa. Kisha akaanza. Alimtajia mitaa alimomtafuta, mama yake mzazi aliyekuwa akiuliza mkwe yuko wapi, marafiki waliomcheka. Nyaya alifungua mdomo ajitetee, akasikia sauti yake mwenyewe tu, akaufunga. Machozi yalimtoka, na Kimulimuli hakupunguza.

"Sijakusamehe," ilisema sauti sikioni mwake. "Na sidhani kesho nitakusamehe. Ila kukukasirikia kwa mbali kumenichosha. Nataka nikuoe, mpenzi, nikukasirikie tukiwa nyumba moja, nikulipize kidogo kidogo mpaka tuzeeke. Kama unakubali, njoo huku."

Nyaya alitembea katikati ya viti vitupu, hedifoni bado kichwani, akapanda jukwaani hadi mbele yake.

"Umemaliza?"

"Bado. Sijafika kwenye simu ulizonifungia."

Nyaya akavuta kiti, akaketi, akaweka mikono magotini.

"Sema," alimwambia. "Nakusikiliza."