Kamera ya Kulsumu na Ukumbi wa Taa Nne

Mjini Sumbawanga, ukitaka picha ya kipaimara au ya maulidi, unakwenda kwa Kulsumu. Chumba chake cha picha kiko ubavuni mwa duka la vitenge la mume wake, Faruk. Watu wanampenda kwa sababu ana subira. Atakunyoosha kola, atakufuta vumbi begani, kisha atasema, "Tulia hapo hapo, usipumue." Nawe hupumui. Picha ikitoka, hata jirani aliyekununia anakiri kwamba umependeza.

Lakini wapo watu wasiotulia. Mmoja wao ni Anjela.

Anjela ni binti wa miaka ishirini na miwili, mzaliwa wa Wampembe, ziwani. Alipoteza mguu wa kulia akiwa mdogo. Alikuja mjini kujifunza cherehani, na akimaliza kazi hucheza mpira wa wavu wa kukaa. Katika mchezo huo wachezaji wote huketi sakafuni, wavu hushushwa, na kila mtu hujisukuma kwa mikono. Usidhani ni mchezo wa kuonewa huruma. Anjela akiupiga mpira, mlio wake unasikika hadi barabarani. Kulsumu alimwona mara moja tu, akaduwaa, akasahau hata alichofuata ukumbini.

Siku moja Anjela aliingia kwa Kulsumu uso umemshuka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona hivyo?"

"Baba amepiga simu. Anakuja mwisho wa mwezi kunichukua. Anasema huku nateseka, na habari za mpira ni maneno ya kumtuliza tu. Simu yake ni kitochi, video haoni. Nilisafisha picha aliyonipiga rafiki yangu kwa simu, nikamtumia kwa gari. Akaniambia, 'Huu ni moshi. Mwanangu yuko wapi?'"

"Wewe unataka kurudi?"

"Sitaki! Jumamosi tunacheza na timu ya Matai. Nipigie picha moja tu, dada. Moja ambayo baba ataniona."

Kulsumu aliahidi. Kamera yake ya zamani ilikuwa imechoka, kwa hiyo yeye na Faruk wakaenda kununua mpya.

Sasa ujue kwamba Kulsumu alizaliwa kwa wauza vitambaa, akaolewa kwa wauza vitambaa. Kwao kitu hakinunuliwi gizani. Kitenge hutolewa hadi mlangoni, kikatazamwa juani, na rangi ikijificha inaumbuka. Basi na kamera nayo ikatolewa mlangoni. Jua lilikuwa linawaka. Kulsumu akapiga picha ya bodaboda iliyokuwa ikipita mbio. Ikatoka safi. Akavuta zumu, akampiga mbuzi aliyekuwa ng'ambo ya barabara.

"Baba Ummy, tazama!" alimwambia Faruk. "Ndevu za mbuzi zinahesabika!"

"Hii ina megapikseli nyingi kuliko zote humu," muuzaji alisema.

"Jua limeikubali," Faruk alisema. Wakainunua.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulikuwa na madirisha madogo ya juu na taa nne, moja ikipepesa. Kulsumu alipowasha flashi tu, refa akapuliza filimbi.

"Dada, zima hiyo! Wachezaji hawauoni mpira."

Akazima. Tangu hapo kila picha ilitoka ovyo. Mikono ilikuwa mingi, sura hakuna. Mpira ulikuwa mstari mweupe tu. Mechi ilipokwisha, Anjela alizitazama picha zote mpaka ya mwisho.

"Baba atasema moshi tena," alisema kwa sauti ya chini.

Kulsumu alitamani ardhi ipasuke. Aibu ya fundi inauma, kwa sababu yeye ndiye aliyeaminiwa. Bahati ilibaki moja. Jumamosi iliyofuata timu hizo zingerudiana, na baba yake Anjela alikuwa bado hajafika.

Jumatatu asubuhi Kulsumu alikwenda Mollo kwa fundi Gaudensi. Mzee huyu hutengeneza kamera na kuuza zilizotumika. Ujanani alipiga picha za ngumi katika kumbi zenye giza, na mkono wake bado unasifiwa.

"Shikamoo, fundi. Kamera yangu mpya mbovu."

Gaudensi aliigeuza huku na huku. "Marahaba. Mbona nzima? Uliijaribia wapi?"

"Mlangoni, juani."

Gaudensi alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka. "Mwanangu, hiyo ni kama kujaribu koti la baridi ukiwa umekaa jikoni kando ya moto! Juani kila kamera ni hodari."

"Nifundishe basi, usinicheke."

"Sikia. Ndani ya kamera kuna pazia. Mtu anayecheza anataka pazia lifunguke na kufunga upesi, katika sehemu moja ya mia tano ya sekunde, au upesi zaidi. Likichelewa, mkono umeshasogea. Ndiyo ile mikono mingi yako. Lakini likiwahi kufunga, mwanga unaoingia unakuwa kidogo. Nje hujali, mwanga umejaa tele. Ndani ndipo unapoumbuka."

"Na mwanga nitautoa wapi, wakati flashi nimekatazwa?"

"Panua tundu la lenzi. Soma hapa. Lenzi yako ikivuta, tundu lake ni tano nukta sita. Sasa soma hii."

Kulsumu alisoma lenzi ya kamera iliyotumika ambayo fundi alimsogezea. "Moja nukta nane. Si ndogo zaidi?"

"Hapo ndipo wengi wanapotea. Namba ikishuka, tundu linapanuka. Hii inaingiza mwanga karibu mara kumi ya hiyo yako."

"Na megapikseli?"

"Zitakufaa ukichapa bango kubwa. Mwanga hazileti. Tazama badala yake sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. Yako ni ndogo kama ukucha wa mtoto. Ya kamera hii ni kubwa, kwa hiyo unaweza kupandisha aiso, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga."

"Nikipandisha si picha italeta chenga, vile vidoadoa?"

"Kidogo. Lakini picha yenye chenga mtu anaonekana. Iliyotikisika haina dawa."

"Lakini fundi, hii haina zumu. Tena imetumika."

"Zumu ya nini? Kaa karibu na wavu. Na usiniamini kwa maneno. Twende stoo."

Stoo ilikuwa na balbu moja na magunia ya viazi. Gaudensi alichukua kiazi akakirusha juu. Kulsumu akakipiga picha kwa kamera yake. Kikatoka utepe wa kahawia. Gaudensi akakirusha tena, na Kulsumu akapiga kwa kamera ile iliyotumika. Kiazi kilining'inia hewani, na tope lake linaonekana.

"Mama yangu!" Kulsumu alipiga kelele.

"Yako niachie, itafaa harusi za nje," Gaudensi alisema. "Na mbuzi."

Wakabadilishana.

Jumamosi hiyo Kulsumu aliketi sakafuni karibu na nguzo ya wavu. Aliiambia kamera ifuate uso wa Anjela na kupiga mfululizo. Hakumwambia mtu atulie. Anjela alijisukuma, akajinyoosha, akaushukia mpira kwa kiganja. Kulsumu aliona mshipa wa shingo yake, jasho lake, meno aliyoyauma. Alijikuta akilia huku kidole kikiendelea kubonyeza. Katika miaka yote ya kazi hiyo hakuwahi kupiga picha ya mtu mzuri kiasi hicho.

Usiku ule ule alichagua picha moja, akaisafisha kubwa, na kesho yake ikaondoka na gari la Wampembe. Refa naye akamwomba awe mpiga picha wa timu. Tangu siku hiyo, yeyote anayemuuliza Kulsumu kuhusu kamera hujibiwa, "Kaijaribie pale utakapofanyia kazi."

Siku ya tatu simu ya Anjela iliita wakiwa wote wawili chumba cha picha. Alikuwa mzee Leonsi, baba yake. Anjela aliweka sauti kubwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Picha nimeipata. Huyu binti wa ng'ambo ya wavu, mbona amefumba macho?"

"Aliona mpira unamjia, baba."

"Anakuogopa?"

Anjela alimtazama Kulsumu. "Ndiyo, baba. Wote wananiogopa."

Wakasikia mzee anapenga kamasi.

"Basi siji kukuchukua. Nitakuja kukaa mbele, nione mwingine akifumba."