Gari la Makochi na la Mama

Fundi Makochi alikuwa mtu wa kazi. Kukicha tu, sindano mkononi, uzi mdomoni. Alivalisha makochi upya, na kochi likitoka kwake, hata mwenyewe hakulitambua.

Karakana yake ilikuwa mbele, nyumba nyuma. Mama yake alikaa kwenye kiti cha mlangoni, akimchagulia vifungo. Magoti yalikuwa yakimsumbua. Kila wiki alitakiwa kwenda kliniki kufanyishwa mazoezi, lakini kila wiki alipata sababu.

"Leo nimechoka, mwanangu. Wiki ijayo."

Fundi alijua ukweli. Mama alichoka kuinuliwa na kushushwa na watu asiowajua kwenye magari ya kukodi. Asipofanya mazoezi, magoti yangekakamaa kabisa. Jambo hilo lilimkosesha Fundi raha.

Siku moja alimwambia mkewe, "Nimepata dawa ya yote. Pikapu ya dizeli! Makochi nyuma, mama mbele."

"Umeipendea nini?"

"Viti, mke wangu! Nimevibonyeza vyote. Sponji imeshiba. Na mshono umenyooka!"

Mkewe akacheka mpaka akashika mbavu. "Baba watoto, unanunua gari au unanunua kochi?"

Hata hivyo, mkewe alimshauri amwite jirani yao, Mama Spana. Mama huyu alitengeneza magari ya dizeli, na mzaha wake ulikuwa mkali kuliko vifaa vyake. Mwenye pikapu alikubali kuileta ijaribiwe.

Mama Spana hakuangalia viti. Alimuuliza Fundi, "Unabeba nini?"

"Makochi. Unajua."

"Mazito?"

"Makubwa, lakini si mazito. Ni mbao na sponji."

"Unayapeleka wapi?"

"Humuhumu mitaani. Nashusha hapa, nachukua pale."

"Mvua ikinyesha?"

Fundi akatazama nyuma ya pikapu. Ilikuwa wazi. Akakuna kichwa. "Nitafunika turubai."

"Haya. Mpandishe na mama tuone."

Fundi alimshika mama mkono. Mama akainua mguu, haukufika. Akajaribu tena, akauma midomo. Fundi akamwinua kwa kiuno mpaka akakaa. Mama akatabasamu, lakini jasho lilimtoka usoni.

"Gari zuri, mwanangu," alisema polepole. "Tembeeni nalo ninyi. Mimi nitabaki nalinda nyumba."

Maneno hayo yalimchoma Fundi moyoni. Gari la kumnunulia mama ndilo lingemfungia ndani! Alimteremsha taratibu, akabaki ameushika mkono wake.

"Basi dizeli ni mbaya?" aliuliza kwa unyonge.

"Nani kasema?" Mama Spana alijibu. "Usinivunjie biashara! Dizeli ina nguvu ya kuvuta. Angekuwa mtu wa kubeba saruji au kokoto, safari ndefu, njia ya milima na matope, ningemwambia anunue leo hii. Wewe unabeba sponji mtaa wa pili."

"Lakini si inakula mafuta kidogo?"

"Kwa safari ndefu utaona faida. Kwa safari fupi faida hiyo ni ndogo. Tena dizeli nyingi za siku hizi, kama hii, zina chujio kwenye bomba la moshi. Linanasa masizi. Gari likienda mwendo mrefu, moshi unapata moto wa kutosha na masizi yanaungua. Ukiwasha na kuzima, mtaa hadi mtaa, yanajaa na chujio linaziba. Hapo utaniona kila mara, na mimi sifanyi kazi bure, hata kama ni jirani."

Mkewe Fundi akadakia, "Kwa hiyo tuanze na kazi yetu, ndipo tutafute gari."

"Ndiyo hivyo! Uzito wa mzigo, urefu wa safari, hali ya njia, na nani atapanda. Kisha lijaribuni kwa mzigo wenu na watu wenu. Kupendeza ni baadaye."

Fundi alimrudishia mwenye pikapu funguo, akamshukuru. Roho ilimuuma kidogo, maana vile viti, jamani, vilikuwa viti.

Walitafuta bila haraka. Mwishowe walipata kigari cha petroli, chenye kiti cha chini mbele na nafasi ndefu nyuma, kimefunikwa pande zote. Mama Spana alikikagua injini na chini kote. Walipakia kochi kubwa la karakana, likaingia. Kisha mama akageuka, akaketi kwenye kiti, akavuta miguu ndani mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemgusa.

"Mnanitazama nini?" aliuliza. "Hamjaona mtu akipanda gari?"

Wiki hiyo alikwenda kliniki, na iliyofuata, na iliyofuata. Mhudumu wa mazoezi alisema magoti yameanza kukunjika vizuri.

Siku moja walipotoka kliniki, Fundi aliwasha gari kurudi nyumbani. Mama akamgusa bega.

"Usinirudishe bado. Nipitishe sokoni. Sijaonekana siku nyingi, wenzangu watadhani nimekufa."

Fundi akafuta macho kwa mkono wa shati, akakata kona kuelekea sokoni.